Siku Moja ya Kunyamaza Gumzoni

Namna nilivyofika Gumzoni si habari ya kumpotezea msomaji muda. Nilifika, miguu imevimba, na jambo la kwanza nililofanya ni lile alilonifunza mama yangu: nilimsalimu mtu wa kwanza niliyemwona. Alikuwa mtu wa makamo, kasimama mlangoni kwake na kanzu safi, mkononi kashika kibao cha kioo. Nikamwambia, "Hujambo, ndugu yangu?" Alinitazama kana kwamba nimemmwagia maji. Akaingia ndani, akafunga mlango, nikasikia komeo likipita.

Sikujua kwamba alikwenda kunijibu. Jibu lake nilikuja kulisoma siku mbili baadaye, nilipopewa kibao changu cha mgeni: "Sijambo. Karibu mtaani. Ila tafadhali tusipigiane kelele milangoni." Lilikuwa limeandikwa dakika ile ile, na majirani kumi na wawili walikuwa wameliunga mkono. Mtu huyo aliitwa Bwana Jecha.

Sheria za nchi ile nilielezwa na Bwana Mkadam, Mwenyekiti wa Ukumbi, peke yake mwenye ruhusa ya kusema na wageni kwa mdomo, mtu mpole mwenye sauti ya kukwaruza kama mlango usiofunguliwa mara kwa mara. Ukumbi si jengo. Ni mahali ndani ya vibao ambapo majirani wote wa mtaa hukutana kwa maandishi, kutwa kucha, kila mtu akiwa kwake. Aliniambia kwamba zamani watu wa Gumzoni walikuwa wakizungumza kwa midomo vibarazani, na kila ugomvi uliishia kwa mmoja kusema "sikusema hivyo." Ndipo ikapitishwa sheria kwamba jambo la majirani halisemwi kwa mdomo. Ndani ya nyumba moja ruhusa, hata kugombana. Ukivuka kizingiti, unaandika.

"Na jambo lisiloandikwa?" nikauliza.

"Jambo lisiloandikwa halipo."

"Na likiandikwa?"

"Linajadiliwa. Na maadamu linajadiliwa, mtu asiliguse. Kuligusa ni kuwadharau wenzako ambao bado hawajasema." Alisema haya kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini asiguse jiko.

Mjadala, alisema, hufungwa kwa njia moja tu. Ikipita siku nzima, alfajiri hadi alfajiri, bila mtu kuongeza neno, basi watu wametosheka, na mafundi huja asubuhi hiyo hiyo kutenda kilichokubaliwa. Nikamuuliza mijadala mingapi imefungwa tangu awe mwenyekiti. Akafikiri. Akasema mmoja, mwaka wa mafuriko, mvua ilipoharibu vibao.

Nilipangishwa chumba kwa Bi Mashavu, mshonaji, mwanamke mwembamba asiyetulia, aliyekuwa na pini mdomoni saa zote isipokuwa za kula. Nyumba yake ilitazamana na ya Bwana Jecha. Katika chumba kilichopakana na changu alikuwa akilala mjomba wake, Mzee Ngwali, aliyefuma vitanda vya kamba kwa miaka hamsini mpaka macho yakamwisha. Alikuwa mzee mkali, mwenye kuchagua chakula, na aliyejisifu kupita kiasi kwa jambo moja: kwamba hakuna aliyewahi kumtekea maji. Kutoka mlangoni hadi bombani ni hatua thelathini na mbili. Alizijua kwa nyayo. Kila alfajiri alichukua fimbo na ndoo yake, akaenda, akarudi, na mpwa wake akayakuta maji jikoni.

Hayo yalikuwa zamani. Kwenye hatua ya kumi na tisa palikuwa na shimo.

Lilikuwa shimo la mfereji, la kwenda chini kimo cha mtu na nusu. Mafundi walikuja kuzibua mfereji, wakanyanyua kifuniko chake cha zege, wakakilaza kando, upande wa huku kwetu, ukingoni kabisa. Kifuniko chenyewe kilikuwa cha kunyanyuliwa na watu wanne. Nilikipima kwa macho siku ya kwanza. Kazi ya muda wa kunywa kikombe cha kahawa, nayo ilikuwa imesimama kwa miezi minne.

Nilipopata kibao niliusoma mjadala wa shimo tangu mwanzo, maana nina tabia hiyo. Ujumbe wa kwanza uliandikwa na mafundi wenyewe: "Tumemaliza kuzibua. Kesho tutarudisha kifuniko." Chini yake Bwana Jecha aliuliza, "Kwa nini kesho, si leo?" Swali la haki. Wa tatu akauliza ni nani aliyewaita mafundi hao. Wa kumi akasema kwamba wakati wa utawala wa Chama cha Mlango mifereji haikuziba. Wa kumi na moja, mtu wa Chama cha Dirisha, akamjibu kwamba haikuziba kwa sababu haikuwa na maji. Kuanzia hapo waliachana na mfereji kama watu wanaopishana njiani. Mmoja akauliza dawa ya mbuzi anayekohoa, akapewa sita. Mwingine alilalamikia bei ya unga. Ikaja habari ya uchaguzi wa nchi ya mbali ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuikanyaga, na kwa habari hiyo ndugu wawili wa tumbo moja walivunja undugu wao. Kila baada ya siku chache mtu mwema aliandika, "Jamani, turudi kwenye shimo," na watu thelathini wakamjibu kwamba amesema kweli. Kwa hesabu yangu mjadala ulikuwa na maneno elfu nne na ushei, maana Gumzoni ujumbe mmoja huitwa neno.

Sitaki kuwaonea. Mengi waliyosema yalikuwa ya maana, na dawa ya mbuzi nilikuja kuitumia kwetu ikafaa. Lakini Mzee Ngwali alikuwa ndani mwezi wa nne, akikifumua kitanda chake na kukifuma upya, akimaliza anafumua tena, na ndoo yake imefunikwa kifudifudi nyuma ya mlango.

"Mgeni," aliniambia jioni moja, "huko kwenu watu wanazungumza kwa kutumia nini?"

"Mdomo, mzee. Na hivyo vibao pia, siku hizi."

"Na mashimo mnayafukia kwa kutumia nini?"

Nikainamisha kichwa, maana nililikumbuka shimo la kwetu, lililo wazi hadi leo. Mzee akacheka peke yake, kicheko kibaya kisicho na furaha, akavuta kamba.

"Mashavu ananitekea maji," akasema. "Anayaweka bila kishindo ili nisisikie. Nasikia. Kufa si kitu, mgeni. Kutekewa maji ndiko kunakoniua."

Bi Mashavu aliyasikia hayo kutoka jikoni. Kesho yake alitoa pini mdomoni, akanambia alichokusudia. Angekwenda nyumba kwa nyumba, nyumba zote arobaini na moja za mtaa, na kumwomba kila mtu azuie vidole vyake siku moja tu, Alhamisi. Siku nzima ikipita kimya, Mwenyekiti atalazimika kufunga, na Ijumaa alfajiri mafundi watafunika.

"Si uandike tu Ukumbini?" nikasema.

"Nikiandika tunyamaze, watajadili kunyamaza."

Alikwenda kwa mdomo. Lilikuwa kosa zito, alilijua, naye alijaza kikapu nguo za kushona ili aonekane anapeleka kazi za watu. Alizunguka siku mbili. Aliniambia wengi walitetemeka kusikia sauti ya jirani ndani ya nyumba yao, na mama mmoja alilia, hakusema kwa nini. Hakuna aliyemjibu kwa neno. Lakini arobaini waliitikia kwa kichwa, na wa arobaini na moja alikuwa Bwana Jecha, ambaye alimtazama muda mrefu mlangoni, kisha akafumba macho. Bi Mashavu aliamua kwamba huko nako ni kuitikia.

Alhamisi ilipambazuka na Ukumbi ukawa mtupu. Sijapata kuona kitu kama kile. Kufika saa nne watu walitoka vibarazani wakiwa wameshika vibao kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika jogoo anayetaka kuruka. Bwana Jecha alikaa kwenye ngazi yake na vidole amevikalia. Adhuhuri ikapita bila neno. Nilianza kuwapenda watu wale, na nasema kwa dhati kwamba niliona fahari kuwa nao.

Alasiri Bi Mashavu aliingia chumbani kwa mjomba wake. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia.

"Mjomba, kesho alfajiri wanafunika. Utakwenda bombani mwenyewe."

Mzee aliomba apewe ndoo yake, akaisugua kwa majivu na makumbi ya nazi mpaka ikalia.

Kabla jua halijashuka, Bwana Mkadam alikuja na watu wake wawili. Kulikuwa na mada nyingine Ukumbini, iliyofunguliwa usiku wa jana yake na asiyejitaja, yenye jina "Mwanamke anayenong'ona milangoni," na Bi Mashavu alitakiwa ofisini kutoa maelezo mpaka asubuhi. Hakubisha. Alichoma pini zake moja moja kwenye mto, akanigeukia.

"Mgeni, nakuachia mjomba. Na kibao usikiguse."

"Sitakigusa," nikasema.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa msomaji asome haraka. Nilikaa chumbani na kibao mapajani. Sikukusudia kukigusa. Lakini nilikuwa nimesoma maneno elfu nne ya watu wengine, na katika yote hayo hakukuwa na hata moja langu. Nilifikiri jinsi siku ile ilivyokuwa kubwa, na kwamba hakuna aliyewaambia hivyo. Nilifikiri kwamba mgeni ni kuku mweupe, si wa kundi lao, na neno lake haliwezi kuhesabiwa kama neno la jirani. Nilifikiri pia kwamba nikiandika katika mada nyingine litapotea, hakuna atakayeliona. Kwa hiyo niliandika katika mada ya shimo: "Majirani, nimetembea nchi nyingi, lakini sijaona watu wenye subira kama nyinyi leo. Hongereni kwa ukimya huu."

Jibu la kwanza lilikuja kabla sijaondoa kidole. "Asante sana mgeni, umenena." La pili likasema ni kweli, Gumzoni imeonyesha mfano. La tatu likauliza, ukimya gani, na nani kauandaa, na kwa manufaa ya chama gani. Hapo bwawa likapasuka. Nilisikia mtaa mzima ukivuta pumzi. Watu waliokuwa vibarazani waliingia ndani, milango ikafungwa mmoja mmoja, na maneno yakaanza kuporomoka kwenye kioo hata nisiweze kuyafuata.

Gumzoni mtu akipendezwa na neno huliwekea picha ya mkono ulio wazi. Kabla ya magharibi neno langu lilikuwa na mikono sitini na tatu. Bwana Jecha, nilitazama, hakuwahi kupata zaidi ya arobaini.

Kutoka chumba cha pili Mzee Ngwali aliita. "Mgeni! Kumetulia bado?"

Nikasikiliza. Njia nzima haikuwa na sauti ya mtu.

"Kumetulia, mzee," nikasema.

Nilitaka kumwambia kweli asubuhi, baada ya chai, kwa maneno yaliyopangika. Niliendelea kuyasoma majibu mpaka usingizi ukanichukua, na sina kisingizio kingine.

Kilichoniamsha ni fimbo. Ilikuwa ikigonga nje, taratibu, kwa mpigo ule ule, na ndoo ikilia kidogo kwa kila hatua. Nililala pale nikiisikiliza kwa raha, kama mtu anayesikia jirani akitwanga, kabla akili haijarudi mahali pake. Ilipiga udongo, udongo, udongo. Kisha ikapiga zege.

Kifuniko kilikuwa upande wa huku, nimeshasema. Fimbo ya mzee ilikikuta hapo ilipotarajia kukikuta, au pungufu ya hapo kwa hatua moja. Bwana Jecha, aliyekuwa dirishani, aliniambia baadaye kwamba mzee alisimama, akakigonga mara tatu, na akatabasamu. Kisha akapanda juu yake, na akaendelea.

Ndoo ilichelewa kufika chini. Nilitoka bila viatu. Wakati nakimbia kibao kilikuwa bado mkononi mwangu, sijui kwa nini, na ujumbe wa mwisho juu ya kioo ulikuwa wa Bwana Jecha: "Jamani, Mzee Ngwali anaelekea shimoni. Aliye karibu naye amwambie." Ulikuwa na mikono tisa.

Tulimtoa mimi na Bwana Jecha, kwa kamba ya kitanda chake mwenyewe. Alikuwa amekwisha. Bwana Jecha alikaa chini kwenye tope na kanzu yake safi, midomo ikimcheza, na sauti ilipotoka ilikuwa nyembamba mno kwa mtu wa umbo lake.

"Nilimwandikia," akasema.

"Hakuwa na macho, Bwana Jecha."

"Najua." Akajifuta uso. "Miaka thelathini namjua. Kitanda ninacholalia kakifuma yeye. Ningemwita tu, angesimama."

Yeye angalau aliandika ili kumzuia.

Bi Mashavu aliachiliwa saa mbili. Alipofika tulikuwa tumemlaza mzee kitandani na kumfunika kanga. Alimgusa miguu, akamfuta udongo katikati ya vidole, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akauliza bila kugeuka, "Nani aliandika?"

Nilikuwa nimeandaa maelezo. Yote yalinitoka kichwani. "Mimi," nikasema. "Nilitaka kuwapongeza."

"Kwa kunyamaza."

"Ndiyo."

Alinyamaza yeye sasa, na ukimya wake nilitamani auvunje hata kwa matusi. Hatimaye akasema, "Na ulimwambia? Alipouliza. Nilijua atauliza."

"Nilimwambia kumetulia."

Aliitikia kwa kichwa, kama wale majirani zake arobaini. Hakunifukuza wala hakunilaani. Alichukua maji akaanza kumwosha mjomba wake, nami nikatoka nje.

Jeneza lilibebwa na mimi, Bwana Jecha na mafundi wawili wa mfereji, ambao walilia kwa sauti bila kujali sheria. Mtaa uliobaki ulihudhuria kwa kutuma mikono. Ilikuwa mia tatu na kumi, na Bwana Mkadam alinihakikishia kwamba haijapata kutokea. Wakati wa kurudi kutoka makaburini tulikuwa watu wanne, na tulipita kando ya kile kifuniko. Hakuna aliyesema neno. Tuliinama, kila mmoja akashika pembe yake, tukakinyanyua, tukakiweka mahali pake. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyokadiria siku ya kwanza.

Kesho yake kilikuwa kimeondolewa. Bwana Mkadam alinieleza kwa masikitiko ya kweli, machozi yakimlenga. Mjadala ulikuwa haujafungwa. Tena sasa ulikuwa mkubwa zaidi, umebadilishwa jina ukaitwa "Msiba wa Mzee Ngwali na mafunzo yake," na kufunika shimo katikati yake kungekuwa kuwaziba midomo wafiwa. Chama cha Mlango kilikwishatoa tamko. Chama cha Dirisha kilikuwa kikiandika lake. Kuhusu mimi, mgeni aliyegusa jambo linalojadiliwa hutakiwa kuondoka kabla ya adhuhuri, na kibao akirudishe.

Nilifunga mzigo wangu. Bi Mashavu hakuwa ndani. Cherehani ilikuwa imefunikwa, na pini zilikuwa bado kwenye mto. Nilimkuta njiani, kwenye hatua ya kumi na tisa. Alikuwa amekaa juu ya ndoo ya mjomba wake iliyobonyea, kaigeuza kifudifudi ukingoni mwa shimo, na fimbo yake mkononi. Kila alipokuja mtu anayetembea na uso ndani ya kibao, aligonga zege mara tatu, kwa nguvu. Mtu alishtuka, akainua macho, akazunguka. Nilisimama nikamwangalia akiwaokoa watu watano namna hiyo. Hakuna aliyemshukuru.

Nilimwambia kwaheri. Alinitazama, akatazama kibao mkononi mwangu, akageuza uso akaendelea kungoja mpitaji.

Bwana Mkadam alikuwa akinisubiri mwisho wa mtaa. Kabla ya kumkabidhi kibao nilikitupia jicho mara ya mwisho, na nikaona mada mpya, ya asubuhi ile ile: "Kelele za fimbo njiani: zitavumiliwa hadi lini?" Tayari ilikuwa na maneno themanini na moja. Mmoja alisema mwanamke yule anatumiwa. Mwingine alisema ana haki, lakini agonge kistaarabu. Damu ilinichemka. Wote walikosea, na mimi peke yangu katika Ukumbi ule ndiye niliyekuwa nimesimama pale nikaona. Nilikuwa na jibu, fupi, lenye uchungu, la kumtetea Bi Mashavu mpaka hao wote waone haya.

Bwana Mkadam alinyoosha mkono kupokea kibao chake. Nikamwomba anisubiri kidogo.